Diski Moja Yenye Sauti ya Kaka

Damu ya mtu ikiingia kwenye kibodi, vitufe vinanata. Ukibonyeza kimoja kinakaa chini, hakirudi juu.

Najua kwa sababu damu yenyewe niliimwaga mimi. Mchana kweupe, watu wanapita barabarani na shughuli zao.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, na tusihukumiane kabla sijamaliza.

Mimi natengeneza muziki. Msicheke. Chumba changu kina magodoro mawili yaliyosimamishwa ukutani ya kuzuia mwangwi, maiki moja, spika mbili, na wakati huo kulikuwa na kompyuta ya mezani iliyochoka kuliko mimi. Ukifungua wimbo wenye vyombo vingi inakwaruza, inakatakata, halafu inajizimia zake.

Mwimbaji wangu alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Tulirekodi nyimbo tisa. Jamani, ile sauti! Mimi niliyemzoea tangu utotoni nilikuwa naondoa vipokea sauti masikioni ili nipumzike, maana nilikuwa nalia kazini.

Wiki mbili baada ya wimbo wa tisa, madaktari wakakuta uvimbe kooni mwake. Wakakata. Kaka akapona, lakini sauti ikaondoka pamoja na uvimbe. Mpaka leo anaongea kwa kuandika kwenye daftari.

Kwa hiyo sauti yake ilibaki sehemu moja tu: diski moja, ndani ya ile kompyuta yangu mbovu.

Nakala? Sikuwa nayo. Kila siku nilisema kesho.

Ili nyimbo zimalizike na zitoke, ilibidi nipate kompyuta mpya. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

"Nunua iliyo tayari," alisema shemeji, mke wa kaka. "Ikiharibika unarudisha kwa mwenyewe."

"Shemeji, hizo za tayari feni zake zinavuma hadi maiki inanasa. Mimi naunga yangu, kifaa kwa kifaa, iwe kimya."

"Umewahi kuunga?"

"Nimeangalia video."

Shemeji alinitazama vile wanawake wanavyomtazama mtu anayetaka kuwapikia kwa mara ya kwanza. Kaka akaandika neno moja kwenye daftari: NUNUA. Akalipigia mstari mara mbili.

Nikaenda kwa fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu. Tunamwita Bisibisi, kwa sababu hata harusini anakuja na moja mfukoni. Mtu mpole, mwembamba, anaongea taratibu.

"Hii hapa nimeiunga mwenyewe, ya kazi za muziki," akanionyesha. "Nimeiwasha siku tatu mfululizo bila kuizima. Weka sikio hapa."

Nikaweka sikio. Kimya kabisa. Ikanikera, maana ndiyo niliyokuwa naiota.

"Nitafikiria," nikasema.

"Haya. Ila hiyo diski yako niachie leo niipime. Imezeeka."

Nikamwachia. Kesho yake akanirudishia. "Nzima, lakini usiisumbue sana."

Nikamshukuru. Halafu, kwa kiburi changu, nikavuka barabara, nikaingia duka linalotazamana na lake, nikanunua vifaa huko. Nilipotoka na maboksi kifuani, Bisibisi alikuwa mlangoni kwake. Akanipungia mkono. Mimi nikajiambia, huyu amenuna huyu.

Kuunga kulinichukua siku nzima. Madabodi ikakaa, prosesa ikakaa, feni zikakaa. Kilichonisumbua ni kitu kidogo. Waya wa kupeleka umeme kwenye diski, ule uliokuja na kisanduku kipya cha umeme, ulikuwa mfupi. Nikachomoa ule mrefu wa kompyuta ya zamani. Ukaingia pande zote mbili bila ubishi wowote. Nikajiona injinia.

Nikawaita kaka na shemeji waje kushuhudia.

Kaka alikaa kwenye stuli, daftari mapajani. Alikuwa amevaa shati la kutokea. Nikawasha.

Feni zikazunguka kimya. Nikageuka nimcheke shemeji.

Tsss.

Harufu ya plastiki inayoungua ikajaa chumbani. Moshi mwembamba ukatoka palipokaa diski. Nikachomoa umeme ukutani mbio, lakini wapi.

Nilipowasha tena bila diski, kompyuta iliwaka vizuri. Kila kitu kizima. Diski peke yake ndiyo ilikuwa imekufa.

Kaka akaweka kiganja juu yake, akakitoa haraka, ilikuwa ya moto. Akafungua mdomo alie, na hakikutoka kitu.

Kile kitendo kiliniharibu akili.

"Ni Bisibisi," nikasema.

"Bisibisi kafanya nini?" shemeji akauliza.

"Vifaa vyote vizima, diski tu ndiyo imekufa. Na nani alilala na diski? Alinuna kwa sababu sikununua kwake. Ameichezea!"

"Basi twende tukamuulize."

"Mimi naenda kumuuliza sasa hivi."

Nikaishika diski mkononi, ingali na joto, nikatoka. Kaka akanifuata. Nasikia shemeji aliniita mpaka koo likamkauka.

Bisibisi alikuwa ameinama analehemu kitu kwa waya wa risasi. Aliinua kichwa, akatabasamu.

"Karibu, vipi, imewa..."

Nikampiga na diski mdomoni.

Chuma kwa meno. Ule mlio nausikia mpaka kesho. Akaanguka juu ya meza, kibodi ikajaa damu. Nikampiga nayo tena kwenye shavu, na tena, mpaka mfuniko wa diski ukapinda mkononi mwangu.

"Umemuua kaka yangu mara ya pili!" nilikuwa napiga kelele. "Sauti yake umeiua!"

"Subiri... subiri nikuambie..."

Nikampiga teke la mbavu. Akakunjamana sakafuni.

Kaka alikuwa mlangoni. Alianza kupigapiga mbao za mlango kwa ngumi, akitaka nigeuke. Sikugeuka. Pale mezani palikuwa na nyundo ndogo ya fundi. Nikaiokota, nikaanza na vitu vyake. Skrini ikapasuka. Kompyuta ya mteja ikabonyea. Nikageukia ile kompyuta ya muziki, iliyokuwa kimya kabisa, ile niliyoitamani.

Bisibisi akatambaa. Naapa alitambaa na mbavu zake zilizovunjika, akanishika mguu.

"Hiyo usiiguse! Vunja zote, hiyo acha!"

Nikaona sasa nimempata panapomuuma. Nikainua nyundo.

Akaweka mkono wake juu ya kompyuta kuikinga. Nyundo ilikuwa imeshaanza kushuka.

Vidole vitatu. Sitasema zaidi kuhusu vidole.

Alipotoa mkono nikaendelea. Bati likafunguka, nikachimba ndani kwa upande wa nyundo wenye ncha, nikatoa diski zake, nikazigonga sakafuni moja baada ya nyingine. Visahani vyake vya ndani vikasambaa kama kioo.

Majirani walinitoa pale kwa kipigo, na kipigo kile nilikistahili. Polisi wakanimalizia safari.

Siku ya nne shemeji alinitoa kwa dhamana. Kaka alikuwa anatusubiri kwenye lango la hospitali, akaandika: UTAMUOMBA MSAMAHA.

Tukaingia wodini. Bisibisi alikuwa amefungwa bandeji kichwa na mkono. Jicho moja halifunguki. Nikapiga magoti.

Hakunitukana. Aliniuliza swali la fundi.

"Waya wa umeme wa diski. Ulitumia upi?"

"Ule... wa kompyuta ya zamani. Ulikuwa mrefu."

Akafumba lile jicho zima.

"Kila kisanduku cha umeme kina nyaya zake. Vichwa vinafanana, vinaingia, lakini ndani njia za umeme zimepangwa tofauti. Umepeleka umeme mkubwa kwenye njia ya umeme mdogo. Diski umeichoma wewe."

Nilitaka sakafu inimeze.

"Hata hivyo ingepona," akaendelea, taratibu vilevile, maana meno ya mbele hana. "Inayoungua ni kile kibao cha chini. Kinabadilishwa. Sahani za ndani zinabaki nzima. Lakini ulinipiga nayo."

Shemeji akaanza kulia.

"Na kule dukani?" nikauliza, sijui hata kwa nini niliuliza. "Kwa nini ulikuwa unaikinga ile kompyuta?"

"Diski ya mteja sianzi kuipima kabla sijaitolea nakala. Nakaa na nakala mwezi mmoja, halafu nafuta. Siwaambii watu, watadhani nachungulia picha zao." Akameza mate kwa tabu. "Nyimbo zote tisa zilikuwa mle. Ndicho nilichotaka kukuambia."



Nikasikia daftari likidondoka. Nilipogeuka, ngumi ya kaka ilikuwa imeshafika.

Alinipiga pale wodini, mbele ya wagonjwa. Alinikalia kifuani akanipiga kwa mikono yote miwili, machozi yananidondokea usoni, na hakutoa sauti hata moja. Mtu akikupiga anatukana, anaguna, anahema. Kaka alikuwa kimya tu. Sikujikinga. Wauguzi watatu ndio waliomtoa. Nilitema jino kwenye kiganja changu nikabaki nalitazama.

Hakimu alinipa mwaka mmoja na nusu. Nilitumikia wote. Bisibisi bado ni fundi, ila bisibisi anaishika kwa mkono wa kushoto, na mimi nikipita mbele ya duka lake natazama chini.

Watu mnaniandikia kila siku humu kwenye ukurasa wangu mkiniuliza: ninunue kompyuta ya muziki iliyo tayari, au niunge mwenyewe? Nunua ukitaka, unga ukitaka. Lakini kabla hujagusa waya wowote, toa nakala ya kazi yako ukaiweke nyumba nyingine. Na kitu kikiharibika mikononi mwako, anza kujiuliza wewe mwenyewe kabla hujaenda kumuuliza mwenzako kwa ngumi. Mimi nilikuwa na hakika siku ile. Sijawahi kuwa na hakika kama ile maishani, na nilikosea kila kitu.

Nilipotoka gerezani nilikwenda kwa shemeji. Nilikuwa nimepata habari kwamba kwenye simu yake kuna ujumbe mmoja wa sauti wa kaka, wa zamani, kabla ya kisu. Sekunde tisa. Anasema amechelewa, wale tu, wasimsubiri.

Nikamwomba anitumie niusafishe kelele kidogo, niuhifadhi vizuri.

Shemeji aliishika simu yake kifuani kwa mikono miwili.

"Hapana, shemeji," akasema. "Huu hapana."