Darasa Zima Lilipogombania Kuwa Mgeni

Jamani, mmewahi kuona watoto wakipigana vikumbo ili waonekane hawana marafiki?

Mimi nimeona. Hapahapa Bariadi, saa ya uji, na chanzo chake ni mimi mwenyewe.

Naitwa Mwalimu Minza, nafundisha darasa la tatu. Ni Msukuma wa Shishiyu, mdomo ninao, na nikiamua jambo hata mwalimu mkuu ananipisha njia.

Sasa sikilizeni.

Muhula huu tulipokea mtoto mmoja, Mwatima. Mama yake ni nesi, Mzaramo wa Kisarawe, serikali imemleta huku kwetu. Mtoto mzuri, ana adabu, Kiswahili chake kimenyooka mpaka nikawa naona aibu kumsahihisha.

Shida ni mapumziko.

Wenzake kengele ikilia tu, Kisukuma kinaanza, na michezo yote inakwenda kwa Kisukuma. Si kwamba walimchukia. Walimsahau tu. Yeye anasimama ukutani na kikombe chake cha uji mpaka kengele ilie tena. Iliniuma, siwafichi.

Ijumaa moja mama yake akanifuata.

"Mwalimu, mwanangu analia kila siku akirudi. Wiki ijayo ikiwa hivihivi, nampeleka kwa bibi yake Kisarawe. Bora nikae peke yangu."

"Mama Mwatima, nipe hiyo wiki," nikamwambia.

Nikakumbuka semina moja tuliambiwa shule nyingine zina benchi la marafiki. Mtoto asiye na wa kucheza naye anakaa pale, wenzake wanamfuata. Nikasema hilo ndilo! Nikatoa benchi la ofisini, nikalipaka rangi ya njano, nikaliweka kivulini.

Jumatatu nikawakusanya watoto. Hapa ndipo nilipoharibu.

Nilitaka waelewe haraka, nikawaambia: "Atakayekaa hapa ni mgeni. Mnajua mgeni nyumbani anavyotunzwa?"

"Ndiyooo!"

"Basi mkimwona, mkaribisheni mcheze naye."

Enhee. Mtoto wa Kisukuma unamwambia habari za mgeni? Anajua mgeni akija kuku anakimbizwa uwanja mzima. Anajua kiti kizuri ni cha mgeni, maziwa ni ya mgeni, na yeye mwenyewe anatumwa maji ya mgeni kunawa. Tangu azaliwe anausubiri ugeni huo, haujamfikia.

Kengele ikalia.

Weee! Vumbi lilitimka kama ng'ombe wamenusa maji. Darasa zima juu ya benchi moja. Wengine mapajani, wengine mgongoni, Maige amening'inia pembeni kwa mkono mmoja.

"Shukeni! Hili ni la mtoto mpweke!"

"Yaya, hapana, mwalimu, mimi ndiye mgeni!" akalia Maige.

"Mwongo! Wewe umezaliwa hapa nyuma ya shule," Kabula akamjibu, huku naye amekaa kichwani kwa mtu.

Wakatulia pale wakisubiri kukaribishwa. Nani awakaribishe? Wote wageni!

Mwatima yuko ukutani na kikombe chake.

Jumanne nikachimba mkwara. Nikasema asiye mpweke kweli asiniguse benchi langu. Lo, niliwafundisha uongo. Mmoja akadai ana upweke wa kurithi kwa babu. Kabula, mwenye ndugu wanane hapohapo shuleni, akaapa hana mtu duniani. Maige akajilazimisha kulia mpaka kamasi zikamtoka.

Jumatano mwalimu mkuu, Mwalimu Ferdinand, akatoka ofisini.

"Mwalimu Minza, uwanja mtupu, watoto wamerundikana kama viazi. Nakupa mpaka kengele. Baada ya hapo benchi hili linaenda kupika uji."

Nikamwangalia Mwatima, nikaona Kisarawe hiyo inakuja. Machozi yakanilengalenga, mtu mzima mimi.

Ghafla namwona anaacha ukuta.

Akaweka kikombe chini. Akatembea taratibu mpaka mbele ya benchi, akashika kiuno, akawatazama wale wageni mmoja mmoja.

"Hamjambo, wageni wangu?"

Hawakuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Hatujambo," akajibu Kabula kwa upole.

"Karibuni. Mmekaa Jumatatu, mmekaa Jumanne, nimewavumilia. Leo siku ya tatu. Bibi yangu anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Haya, shukeni mkalime!"

Mwalimu Ferdinand alicheka mpaka akashika ukuta.

Na walishuka! Wote! Maana hilo nalo wanalijua, mwenyeji akishasema, mgeni huna ubishi.

"Wewe Maige, lete mchanga. Wewe nitafutie chupa. Kabula, vua soksi tutengeneze mpira. Tunacheza rede."

"Soksi zangu?"

"Mgeni habishani."

Kabula akavua. Mchezo ukaanza, na kila aliyetaka kuingia alimwomba Mwatima, kwa Kiswahili. Kufika Ijumaa yeye ndiye aliyekuwa anawafokea kwa Kisukuma, kibovu hicho, cha kuchekesha, lakini kinaeleweka.

Wiki iliyofuata mama yake akaja shuleni, amevimba.

"Mwalimu, umenifanyia nini? Kila jioni nyumbani kwangu kuna kundi la watoto, wananiamkia kwa Kisukuma 'mwadila, mayu' na hawaondoki mpaka wapate chai. Sukari imekwisha! Nirudishie mtoto wangu aliyekuwa analia!"

Akashindwa kujizuia, akacheka. Akanikumbatia palepale mbele ya ofisi, na habari za Kisarawe sikuzisikia tena.

Nawaachia hili, walimu wenzangu na wazazi. Sisi wakubwa tukimwona mtoto mpweke tunakimbilia kumtafutia mahali pa kukaa asubiri kuonewa huruma. Mpeni watu wa kuwakaribisha, muone.