Majivu Yalivyoiokoa Landrova ya Mama Rubab

KAHAMA, Agosti 1984

Saa mbili asubuhi. Nyuma ya soko la Nyasubi, fundi Bujiku Nkwabi anamwaga majivu chini, debe baada ya debe, mpaka anapata njia ya kijivu yenye urefu wa hatua ishirini. Majivu ameyaomba kwa kina mama wanaopika uji sokoni.

Pembeni, juu ya tairi kuukuu, ameketi Donatus, mnunuzi wa magari chakavu, spana zake mapajani. Anaingoja Landrova ya mwaka 1966 iliyoegeshwa mbele yao. Giaboksi yake ameshaitafutia mteja.

"Leo ikishindikana, kesho inakatwa," anasema mwenye gari, Gulnar, ambaye mji mzima unamwita Mama Rubab. "Nimechoka kumpeleka maiti hospitali."

Mjane huyu wa miaka hamsini na miwili huliendesha mwenyewe, akipeleka chumvi, sabuni na majembe kwa wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu. Bila gari hilo, duka lake linafungwa. Kwa miezi minne sasa, kila likipakia mzigo linavuta kulia na usukani unatetemeka. Mwezi uliopita lilimtoa barabarani, nusura limtumbukize mtoni.

Mafundi watatu wameshaligusa. Wamebadili tairi, shokabu, hata boksi la usukani. Wa tatu ni Bujiku mwenyewe, aliyebadili tairodi, fimbo ya usukani, akaapa kwamba limepona. Lilirudi baada ya siku mbili.

"Aibu ile ilininyima usingizi," anakiri. "Sote tulilipandisha jeki. Gari likining'inia halisemi ukweli."

Bujiku, mwenye miaka arobaini na mitatu, hana cheti. Alichunga ng'ombe kijijini Didia hadi ukubwani, ndipo akaja mjini kuosha magari na kuiba ufundi kwa macho. Spea moja huweza kuisubiri miezi mitatu. "Mwezi mzuri napata shilingi elfu moja na mia mbili," anasema. "Mwezi mbaya napata shukrani."

Jibu alilipata kijijini, wiki iliyopita. Ng'ombe wa baba yake mdogo alikuwa akirusha kichwa, na watu wakamkagua pembe, masikio na shingo.

"Baba mdogo hakumgusa. Alitazama nyayo. Mguu wa nyuma ulikuwa unakanyaga kando, na kwatoni mlikuwa na mwiba. Nikajipiga paji la uso. Kumbe sisi tulikuwa tunatibu kichwa!"

Mama Rubab anawasha gari na kulipitisha taratibu juu ya majivu, likiwa tupu. Alama za tairi za nyuma zinafunika za mbele sawasawa. Donatus anacheka.

"Bado," anasema Bujiku. Anasawazisha majivu, kisha anaamuru vipakiwe viroba vya mchanga, uzito uleule wa safari ya Nyarugusu. Donatus anasaidia kubeba, maana ana haraka ya kumaliza.

Gari linapita tena. Bujiku anapiga magoti. Safari hii alama za nyuma zimehamia kushoto, upana wa vidole vitatu.

"Mama Rubab, njoo uone! Nyuma kunakwenda kwake, mbele kunakwenda kwake!"

Anaingia uvunguni, anakwangua tope lililoganda, na mwiba unaonekana. Kwenye springi ya nyuma kushoto, boliti ya katikati inayoishikilia ekseli imekatika na vibano vimelegea. Likiwa tupu, ekseli inakaa mahali pake. Likibeba mzigo, inateleza kurudi nyuma. Boliti yenyewe si nene kuliko kidole chake. Nyingine anaitoa kwenye kopo lake la vyuma vikuukuu, anaifunga na kukaza vibano.

Kabla ya adhuhuri Mama Rubab anaondoka na mchanga wote, akishika barabara ya Geita.

Gari linarudi likiwa limenyooka. Ndani yake, Mama Rubab ameinua mikono yote miwili juu, na usukani umetulia wenyewe. Soko linalipuka kwa vigelegele.

"Donatus!" anapaza sauti. "Nenda ukakate kuni!"

Kisha anamgeukia fundi. "Uwanja wa nyuma ya duka langu ni wako. Unataka nini pale?"

Bujiku anataka shimo. Shimo la kusimama chini ya gari likiwa na mzigo wake, bila jeki. Vijana wawili wa Nyarugusu wameshaahidi kulichimba.

"Kule wanachimba mashimo mia bila kuona hata chembe," anasema, akilichora kwa kisigino kwenye majivu. "Hili moja, nawahakikishia, lina dhahabu."