Mkono wa Doto na Haraka Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ikinijia hata kama nachambua mchele naacha kwanza. Ilikuwa siku ya mnada hapa Tinde. Nilikuwa narudi nyumbani na beseni tupu kichwani, dagaa wote wamekwisha, mdomo umejaa habari za watu, nikamkuta mwanangu Doto amekaa kizingitini na kaptula ya kuchezea. Sare yake ya shule ilikuwa juu ya kigoda, imekunjwa. Dada yake pacha, Kulwa, alikuwa shuleni tangu asubuhi.

Nikamuuliza amebaki kwa nini. Hakulia wala hakununa. Aliniangalia kama mtu mzima aliyeshaamua jambo lake, akasema, "Mama, Kulwa ameenda. Atasoma na yangu, ataandika na yangu."

Mtoto wa darasa la kwanza huyo. Nikalitua beseni. Nilijua pale pale kwamba akibaki nyumbani leo na kesho, shule ndiyo imemtoka, na hakuna atakayemrudisha.

Ngoja nikueleze tulivyofika hapo, maana najua unajiuliza mama gani huyo. Nakuambia haya kwa kuwa jana nimekuona barazani kwako, umemkamata mwanao kiganja na penseli ndani yake, unamburuza mstari kwa mstari, jasho linakutoka wewe na machozi yanamtoka yeye. Sikukusema. Nilipita nikajifanya namfukuza kuku. Nilijiona mwenyewe pale, mwanangu, nikiwa na umri wako na ujuaji wako.

Mimi ni mtu wa Nkome, kando ya ziwa, nimezaliwa kwenye harufu ya samaki, na nilipoolewa huku nilikuja na ujanja wa biashara na ulimi mwepesi. Uzazi wangu wa kwanza nikapata mapacha. Huku kwa Wasukuma mapacha si jambo dogo. Kulwa alitoka kwanza, akilia kama ana kesi na mtu. Doto akachelewa, na alipotoka hakulia mpaka mkunga akahangaika naye. Wakakua. Kulwa akatembea, Doto akafuata nyuma sana. Mkono wake wa kulia ulikuwa mgumu kufunguka, na ukifunguka hautulii, unakwenda unakotaka wenyewe. Hospitali walituambia shida ni ya misuli, akili ni nzima kabisa. Na kweli ilikuwa nzima. Mtoto yule alijua majina ya ng'ombe wote wa babu yake na tabia ya kila mmoja, tena alikuwa anawasengenya.

Sasa, mila yetu ni kwamba mapacha hawabaguliwi. Ukimpa mmoja umempa na mwenzake. Ukinunua ndala, pea mbili. Ukimbeba huyu, yule anasubiri zamu yake. Mama wa mapacha anayependelea husemwa mpaka kisimani. Nami niliishika mila hiyo kwa mikono miwili. Walipoanza shule nikawanunulia penseli za aina moja na madaftari ya aina moja, na kila jioni nikawaketisha mkekani na kuwapa kazi moja: ukurasa mmoja huyu, ukurasa mmoja yule, ndipo ugali uletwe. Nikajiona mtenda haki.

Kulwa alikuwa anamaliza maji ya ugali hayajachemka. Doto, masikini, aliishika penseli kwa ngumi kama anashika mchi, bega limepanda mpaka sikioni, ulimi nje. Akikandamiza, karatasi inachanika. Akilegeza, penseli inaanguka na kuviringika chini ya kabati. Herufi moja ikimtoka, imelala chali. Basi mimi namkamata kiganja, namwendesha. Mistari ilikuwa mizuri, naam, ila ilikuwa yangu. Watu wakipita wananitia moyo, wananiambia samaki mkunje angali mbichi. Mimi muuza samaki ndiye wa kuambiwa hivyo! Nilipaswa kujua kuwa hata mbichi, ukimkunja kwa pupa anakatika.

Kulwa naye, kwa huruma na kwa njaa, akaanza kumwandikia mwenzake kila nikigeuka kukoroga mboga. Nilipogundua nilimfokea, mtoto aliyenizidi utu.

Mwalimu wao, dada mmoja mpole mwenye watoto wengi kuliko madawati, aliniita akaniambia ukweli: asiyeweza kunakili ubaoni mwenyewe atarudia darasa. Nikarudi nyumbani nimenuna. Baba Kulwa wakati huo alikuwa machimboni huko Geita, anakuja na kuondoka. Alipokuja nikamweleza. Akasema kwa upole tu, wala si kwa ubaya, kwamba kama kuandika kumemshinda basi, mtoto akae na bibi yake achunge mbuzi, mbona watu wanaishi. Doto alikuwa pale pale anakula mihogo. Tulidhani hasikii. Kumbe hayo ndiyo yaliyomkunjisha sare.

Basi siku hiyo ya mnada nikafanya kama kawaida yangu, nikapandisha sauti. Nikamwambia avae sare sasa hivi, nikachukua daftari, nikatafuta penseli, eti nimwonyeshe kama mkono wake hauandiki. Mama mkwe wangu alikuwa uani anakata viazi vya michembe, vile vipande tunavyoanika vikauke tuje kuvipika mvua zikikata. Yule mama hakuwa na maneno. Unaweza kushinda naye kutwa ukasikia kisu chake tu. Akaniita, "Mama Kulwa, njoo." Nikaenda, nikapiga magoti kama ipasavyo, nikiwa bado nahema.

Akaniuliza, "Ulipokuwa unawanyonyesha hawa, nani alikuwa anashiba kwanza?"

Nikasema, "Kulwa, mayu." Ndivyo tunavyomwita mama huku.

"Na Doto ulikuwa unamtoa ziwani mwenzake akishashiba?"

Doto alinyonya kwa shida. Anavuta kidogo, anapumzika, maziwa yanamtoka pembeni, anaanza tena. Nilikuwa nakaa naye mpaka mgongo unauma, mpaka chakula changu kinapoa. Na wala sikuwahi kufikiri kwamba nimempa zaidi ya Kulwa.

Mama mkwe akaendelea, kisu hakikusimama. "Nilikuwa nakuona. Nikasema moyoni, kweli mwanangu ameoa. Sasa leo kuandika umekufanya mashindano ya baiskeli? Haki ya pacha si kulingana, mama. Haki ya pacha ni washibe wote wawili."

Nililia pale chini kwenye maganda ya viazi. Nililia kwa aibu, na nililia kwa kupendwa pia, maana miaka yote ile nilidhani mama yule hanitaki, mimi mtu wa ziwani. Aliniacha nilie, kisha akaniambia nikamalizie kuanika.

Kesho yake nikamrudisha Doto shuleni kwa upole, na kuanzia hapo nikabadilisha mambo. Sikuwa na elimu ya jambo hilo, mwanangu, nilikuwa najaribu tu, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule hospitali Shinyanga akanirekebisha nilipokosea. Kwanza daftari likawekwa kando. Tulianza na mkono mzima kabla ya vidole. Doto akawa anachora uani kwa kijiti, duara kubwa kama tenga, mstari mrefu mpaka kwenye zizi. Bibi yake alipokandika nyumba alimpa udongo auponde na kuupiga ukutani. Alikamua nguo nilizofua. Alimenya karanga, na alizomenya alizila zote, hata moja haikufika jikoni. Yeye aliona ni michezo, kumbe bega linakaa sawa na vidole vinaanza kujuana.

Aliporudi kwenye penseli tuliizungushia ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli mpaka ikanenepa, akapata pa kushika. Kiti nikamtafutia kifupi, na chini ya miguu nikaweka tofali, maana mtoto anayening'inia anaandika huku anaogopa kuanguka. Karatasi nikaibandika mezani kwa ugali isikimbie. Na ukurasa mzima hakupewa tena. Alipewa herufi moja, akiwa hajachoka wala hana njaa, na chakula kikaja kwa wote kwa wakati wake. Nikaenda na kwa mwalimu, nikamwomba Doto aandike kidogo na kinachobaki ajibu kwa mdomo. Akakubali palepale. Kumbe naye alikuwa anasubiri mtu wa kusaidiana naye. Mkono mmoja haulei mwana.

Usidhani alibadilika ghafla. Kuna siku mkono ulikuwa unagoma kabisa, anatupa penseli, na mimi naenda nyuma ya nyumba kuzungumza na Mungu kwa sauti isiyofaa. Kuna siku alichukua mkaa akaandika kwenye ukuta mpya wa bibi yake, E yenye meno mengi kama reki. Nikakimbilia kitambaa nifute. Mama mkwe akaniambia niache, na kama nataka ukuta msafi nikajenge wangu. Ile E ilikaa pale mpaka mvua ikaichukua.

Mwaka ulipokwisha, Doto alirudia darasa la kwanza. Ndiyo, alirudia. Sitakutengenezea hadithi tamu, mwanangu, kisha mambo yako yakienda polepole ukajiona umekosea. Kulwa akapanda la pili, na mimi nikaumia kuliko wao, maana hawakuwahi kutenganishwa tangu tumboni. Siku ya kufungua shule Kulwa akagoma. Akaenda kukaa dawati moja na mdogo wake, akalishika dawati lile kwa mikono yote miwili, akasema yeye haendi popote bila Doto. Mwalimu akanitumia mtu.

Nilipofika, watoto wengine walikuwa wametolewa nje kucheza, na mwalimu amechoka kubembeleza. Doto ndiye aliyekuwa anasema. Alikuwa ameshika ile penseli yake nene. "Subiri nikuandikie kitu," akamwambia dada yake. "Nikimaliza, uchukue uende darasani kwako."

Akaandika. Hakuna aliyemshika. K ikageukia upande usio wake. U ikawa pana kama beseni. Akapumzika, bega likashuka, akaanza tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na mkono wangu, haki ya Mungu, ulikuwa umeshanyanyuka kwenda kuigeuza ile K. Nikauona. Nikaketi kwenye benchi nikaukalia, mkono wangu mwenyewe, nikaukalia mpaka ukafa ganzi.

Alipomaliza A ya mwisho akachana kile kipande cha karatasi, akampa. Kulwa akakisoma. Lilikuwa jina lake. Akakikunja, akakitia mfukoni, akanyanyuka akaenda la pili bila kugeuka. Doto akanitazama pale kwenye benchi.

"Mama," akaniuliza, "mbona unakalia mkono?"

Nilicheka huku machozi yananitoka, na mwalimu naye akajifanya anafuta ubao.

Leo Doto ana mke na watoto, ana duka la vipuri vya baiskeli hapo barabarani. Kulwa yuko Kahama, anafundisha. Mwandiko wa Doto ni mbaya, mimi mama yake ndiye ninayesema, ila unasomeka na ni wake, na anaandika bila kumtazama mtu usoni kuona kama amekasirika.

Sasa nisikilize, mwanangu. Vidole vya mkono mmoja havilingani, seuze watoto. Usimpime mwanao kwa mtoto wa jirani, wala kwa ndugu yake aliyetoka naye tumbo moja. Mpeleke hospitali wamwangalie, usione haya. Upe mkono wake nguvu kwanza, ndipo uudai herufi. Mpe pa kukanyaga, mpe cha kushika, mpe kazi ndogo na umsifu kwa hiyo ndogo. Usiseme mbele yake kilichomshinda. Mtoto anayekula mihogo anasikia. Mwalimu usimwendee kwa ugomvi, mwendee mshauriane. Na siku atakapoanza kuandika mwenyewe, hata kama herufi imegeuka, hata kama wageni wanatazama, hata kama chakula kinapoa, kalia mkono wako.

Mungu amlainishie mwanao vidole, na wewe akulainishie moyo. Akupe mgongo wa kukaa naye na uso usiokunjamana. Akuzeeshe kama alivyonizeesha mimi, mpaka siku mtoto huyo atakapokuandikia mstari mmoja kwa mkono wake, ukushinde kuusoma, ucheke, umwite aje akusomee.