Aliomba Msamaha wa Kosa Asilolitenda

Mwanzo wa haya nilisimuliwa na mke wa mjukuu wangu Jumapili iliyopita mchana, amesimama mlangoni kwangu na begi, machozi yamefika kidevuni.

"Bibi, mumeo ameungama mwenyewe! Kwa maandishi!"

Huyo mumeo ni mjukuu wangu. Mimi na binti huyu tunaitana mke mwenza, ndio utani wetu. Siku hiyo utani ulikuwa umekimbia.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Begi nalo likae."

Binti ni msusi. Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma.

Ijumaa, mume alichukua taulo la saluni akafutia grisi, akalirudisha kimyakimya. Mteja mmoja akaoshwa nywele, akafutwa na taulo lile lile, akatoka na shingo nyeusi kama kitako cha sufuria.

Wakanuniana.

Jumapili asubuhi ukaingia ujumbe. Binti akanisomea:

"Mpenzi, nisamehe kwa kuvunja uaminifu wako. Najua yaliyotokea kule hayafutiki. Yule hana maana kwangu. Nimekata mawasiliano."

"Kule wapi?" nikauliza.

"Ndiyo nikuulize wewe, Bibi!"

"Yeye mwenyewe umemuuliza?"

"Nimeiuliza simu. Imesema hizo ni dalili za mume mwenye mwanamke nje. Nimekusanya nguo. Mimi narudi kwetu."

Yaani asubuhi ile mume yuko chumba cha pili kwao anavaa viatu, yeye anaiuliza simu! Simu ambayo hata sura ya huyo mume haijui!

Kabla sijamjibu, hodi.

Ni shoga yake, mke wa fundi magari. Mumewe na mjukuu wangu wanafanya kazi karakana moja.

"Shoga, yamenikuta. Hebu soma."

Binti akasoma. Ujumbe ule ule, neno kwa neno. Kule, yule, mawasiliano.

Wakatazamana.

"Kumbe walikwenda wote!"

"Na mwanamke ni mmoja!"

Jamani, kelele zile! Nikampigia mjukuu. Akaja mbio, kamba za kiatu zinamfuata nyuma.

"Mume wangu," nikamwambia, "kule ni wapi?"

"Kule wapi, Bibi?"

Nikampa simu. Akasoma, midomo inacheza, macho yanazidi kutoka.

"Mimi nimesema haya?"

"Hukusoma kabla ya kutuma?"

"Ilikuwa ndefu, Bibi. Niliiambia ile akili mnemba ya kwenye simu iniandikie msamaha wa mke, uwe mzito. Kosa sikulitaja. Niliona aibu, taulo tu!"

"Na ule wa mwenzako, fundi magari?"

"Alilalamika kanuniwa, nikamrushia na yeye. Nilidhani itafaa."

Mke wa fundi magari akashika kichwa. "Mimi wangu nimemnunia kwa kukoroma!"

Binti hakucheka. "Simu imekuandikia, simu imenitafsiria," akasema. "Sasa nijue vipi lipi la kweli?"

Nikakusanya simu zote, nikazitia kwenye sufuria, nikafunika.

"Haya, mume wangu. Kwa mdomo wako."

Fundi anayeunga chuma na chuma, kuunga maneno mawili kukamshinda.

"Mpendwa, natambua hisia zako..."

"Hiyo ni ya sufuria. Anza tena."

Jasho likamtoka. Akamtazama mkewe.

"Taulo nilichukua mimi. Nikaogopa kukwambia. Kule sijui wapi sijafika, mke wangu. Mimi najua karakana na nyumbani." Akajishika shingo. "Kwani yule mama alichafuka sana?"

"Mpaka masikioni!" Binti akaangua kicheko, na machozi yake vilevile.

Mara sufuria ikatetemeka.

Nikafunua: ujumbe mpya wa fundi magari! Kaona hajajibiwa, kaomba aandikiwe msamaha mzito zaidi. Sasa anaungama hadi mtoto wa nje.

Mkewe akachukua simu yake. "Ngoja niwahi, kabla hajaungama mauaji."

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, simu siikatai, hata haya nayaandikia humohumo. Ila kosa lako lijue mwenyewe, na msamaha uuombe mwenyewe. Kichwa hatukupewa cha kubebea ndoo tu.

Tulikula, mjukuu akajinyoosha mkekani, usingizi ukamchukua papo hapo, viatu miguuni. Binti akamfunga kamba za viatu, akaweka kichwa chake juu ya begi la kurudi kwao, sasa limekuwa mto, naye akalala.