Pampu ya Asali ya Tende

Marhoun alizaliwa Unguja, kwenye kinu cha mafuta ya nazi cha baba yake, akaingia Nizwa, Omani, mwaka 1972 akiwa mtu mzima asiyejua hata kupanda mtende. Miaka ikapita akiishi kwa shangazi yake, Bi Ghaniya, akitumwa sokoni na kurudi. Binamu zake walimwita Zinjibari, yaani mtu wa Unguja.

Bi Ghaniya alikuwa na ghala la tende. Magunia ya juu huyalemea ya chini, asali ikajikamua yenyewe, ikafuata mifereji ya sakafu mpaka kwenye pipa. Humo aliichota kwa kata kutia mitungini, hadi mgongo ukamkatalia. Ndipo alipompa Marhoun ufunguo.

"Tafuta pampu, mwanangu. Ukiweza, ghala utalisimamia wewe. Ukishindwa, nitampa binamu yako Khalaf."

Tangu aje Omani hakuwa amekabidhiwa kitu.

Sokoni mwenye duka alimkataza pampu ya maji. "Asali nzito hiyo, itazunguka bure. Nikuagizie ile ya magurudumu ya meno kutoka Maskati. Inakwenda polepole, lakini inavuta."

"Lini?"

"Mwezi ujao, inshallah."

Marhoun hakungoja. Aliona pampu ya mkono ya mapipa ya mafuta, sawasawa na ya baba yake. Akainunua hiyo.

Ilikuwa Januari, asali imeshikana kwa baridi. Alisukuma hata viganja vikachubuka, halikutoka tone. Binamu yake Khalaf alisimama mlangoni akicheka.

"Ewe Zinjibari, hapa hakuna nazi!"

Unguja, mafuta yakiganda wakati wa kipupwe, baba yake alikuwa akiyapasha moto. Marhoun akatia jiko chini ya pipa. Asali ikalainika, ikapanda, ikajaza mitungi yote. Akamwita shangazi yake.

Bi Ghaniya akachovya kidole, akaonja.

"Umeiwashia moto?"

"Kidogo tu, shangazi."

"Watu huifuata hii kwa ajili ya wanawake waliojifungua, kwa kuwa haijaona moto. Imeungua, Marhoun. Ya mwaka mzima."

"Nitaagiza ile ya meno…"

"Ivute nini?"

Akanyoosha mkono. Marhoun akamrudishia ufunguo, naye akampa Khalaf, ambaye safari hii hakucheka.

"Hiyo wape ng'ombe," alisema Bi Ghaniya, akatoka.

Asali ilikuwa ingali vuguvugu. Marhoun akatumbukiza pampu katika mtungi wa kwanza, ndoo ya ng'ombe pembeni. Ilivuta vizuri, bila kukwama hata mara moja.