Bakuli Lililopanda Basi la Kilosa

Watoto wangu hunicheka tukifika stendi. Wao husogelea kibao kusoma saa za mabasi, mimi huenda moja kwa moja kwa mtu nikamuuliza: basi linakwenda au haliendi? Wanaona ni ushamba wa bibi kizee. Waache waone hivyo. Nina ugomvi na karatasi za ratiba tangu utotoni, na sina mpango wa kupatana nazo.

Wakati wa Mwingereza, Mikumi haikuwa na malori yaliyolala barabarani wala nyumba za kulala wageni. Kulikuwa na duka la Mhindi, nyumba chache za udongo, mashamba ya mahindi, na nyani wasiokuwa na haya. Lakini basi tulikuwa nalo. Lilitoka kwetu asubuhi, likapita kijiji cha Ulaya, likaingia Kilosa, na jua likianza kupoa lilikuwa limerudi, jekundu kwa vumbi kuanzia magurudumu mpaka kwenye kope za dereva. Viti vya mbele vilikuwa vya wenye viatu. Sisi tulikaa nyuma na kuku, na huko nyuma ndiko kulikokuwa na mazungumzo.

Nilikuwa naishi na bibi, mzaa mama, pamoja na mama mdogo aliyekuwa ametoka kujifungua. Baba alikuwa manamba, aliletwa kwa mkataba kutoka mbali kuja kukata mkonge. Mkataba ulipokwisha alirudi kwao, asitutumie hata salamu. Mama akabaki shambani huko upande wa Kimamba, akafanya kazi chumba cha brashi, pale singa za mkonge zinaposuguliwa mpaka zing'ae. Vumbi la singa halina pa kwenda ila puani na kifuani. Alipoanza kukohoa alinileta kwa bibi, akasema ni kwa muda tu. Alipozidiwa, wenzake walimpeleka hospitali ya Kilosa, akalazwa huko.

Bibi alikwenda kumwona mara moja, akarudi amenuna. Ugonjwa hakuuzungumzia sana. Kilichomkera kilikuwa chakula. "Wanampa uji kama maji ya kuoshea vyombo," alisema. "Mwanangu hatapona kwa uji ule." Kuanzia siku ile akawa anapika alfajiri. Alikuwa na bakuli la bati la rangi ya bluu, lenye mfuniko, limebanduka rangi ukingoni. Alitia wali na kunde, au ndizi na nyama kama ipo, akalifunga kwa kanga yake kuukuu na kumkabidhi kondakta. Kilosa, kondakta alimpa mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi stendi, mbele ya stesheni ya treni, mtu mwema aliyezoeana na bibi siku ile moja tu aliyokwenda. Huyo ndiye aliyelifikisha wodini. Bibi hakumsahau: katika bakuli lile upande mmoja ulikuwa wa mgonjwa na upande mmoja wa mama wa maandazi.

Kwetu ukiletewa chakula katika chombo cha mtu, hukirudishi kitupu. Unakiosha, unatia ulichonacho, hata kama ni chumvi kidogo kwenye jani. Mama alilelewa hivyo, na kulazwa hospitali hakukumfanya aache. Jioni basi lilipofika, mimi ndiye niliyekimbia kulipokea bakuli, na nilikatazwa kulifungua njiani. Bibi alilifungua mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Siku moja tulikuta mapera mawili, siku nyingine majani ya mchaichai, siku nyingine sabuni iliyobaki kipande. Safari moja tulikuta bangili iliyosukwa kwa singa za mkonge, ndogo, ya mkono wangu. Niliivaa mpaka ikakatika.

"Umeona?" bibi aliniambia siku ya yale mapera. "Ameyaokota. Basi ametembea mpaka kwenye mti."

Hivyo ndivyo tulivyompima mama. Bibi alimwambia mama mdogo mbele yangu, "Siku bakuli likirudi tupu, mimi sipiki tena. Naondoka na basi la kesho yake." Kwa hiyo kila jioni moyo wangu ulikuwa kwenye ule mfuniko.

Masika ilipokaribia, karatasi ilibandikwa kwenye ukuta wa duka la Mhindi. Karani wa duka alitusomea. Basi la Kilosa halitakuwapo tena. Sasa basi litatoka Iringa, litapita kwetu na kwenda Morogoro, kwa kuwa watu wa kukata mkonge walikuwa wakiletwa kwa wingi kutoka nyanda za juu, na wenye mabasi walifuata watu wengi walipo. Mwenye safari ya Kilosa apande basi mpaka Morogoro, akashike treni huko. Saa zilikuwa zimepangwa vizuri, kwa wino mzuri. Ila basi liliingia Morogoro treni ikiwa imeshaondoka, kwa hiyo msafiri sharti alale.

"Kilosa iko pale," bibi alisema, akanyoosha kidole kuelekea vilima. "Nizunguke Morogoro nikatafute nini?"

Karani alicheka, na watu wakacheka. Bibi hakucheka. Alisimama mbele ya karatasi ile ambayo hakuweza kuisoma, akaitazama kana kwamba itamwonea aibu.

Wali haungeweza kulala njiani, ungechacha. Akabadilisha mapishi. Alikaanga karanga, akakausha viazi, akatwanga unga wa mtama uliokaangwa ambao mgonjwa anaweza kuukoroga kwa maji ya moto. Bakuli likapanda basi la Morogoro kwa kondakta, kondakta akampa mpagazi wa stesheni, mpagazi akalipandisha treni, na kule Kilosa mama wa maandazi akalipokea. Tulingoja mpaka tukachoka kungoja. Lilipotua, bibi alikaa chini kabisa ndipo akafungua kanga. Ndani mlikuwa na ndimu.

Alilia kwa furaha. Ile ndimu hakuikamua, aliiweka dirishani.

Tukaendelea hivyo kipindi chote cha kulima na kupalilia. Bakuli lilikwenda na kurudi, na kila liliporudi lilikuwa na ndimu. Mimi nilitamani bangili nyingine. Nikamuuliza bibi mbona siku hizi ni ndimu tu. Alifikiri kidogo. "Mti wa ndimu utakuwa karibu na mlango wa wodi," alisema. "Hana nguvu ya kufika kwenye mapera. Lakini kitandani anainuka, mke mwenzangu. Anainuka." Alizoea kuniita mke mwenzangu anaponitania, na mimi nilizoea kulichekea neno lile. Siku ile nilicheka pia.

Kwenda mwenyewe alitaka, Mungu ni shahidi. Lakini nguruwe walikuwa wakiingia shambani, mama mdogo ana kichanga mgongoni, na kulala ugenini Morogoro si kama kupanda basi asubuhi ukarudi jioni. Kama bakuli lingerudi tupu angeacha yote. Halikurudi tupu hata mara moja.

Tulipomaliza kuvuna, alisema sasa twende. Alipika kuku, akamkaanga mkavu ili asiharibike, akamtia kwenye bakuli, akalipakata mwenyewe. Mama mdogo alibaki kulinda nyumba. Tulilala kwenye baraza ya stesheni Morogoro, na kesho yake treni ikatuteremsha Kilosa. Bibi alikuwa amevaa kanga mpya na amenipaka mafuta mpaka magotini. Nilikuwa nimejifunza wimbo wa kumwimbia mama.

Mama wa maandazi alikuwa pale pale mbele ya stesheni, na karai lake. Alipomwona bibi aliinuka, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

Yule mama alimtazama bibi, kisha akanitazama mimi, kisha akalitazama bakuli.

"Mgonjwa yupi, mama?"

Bibi alimtaja mwanawe. Mama wa maandazi akashika kichwa kwa mikono miwili, na maandazi yakawa yanaungua kwenye karai, hakuna aliyeyageuza.

Mama alikuwa amefariki wiki ile ile basi letu lilipoacha kuja. Wanawake wa pale stendi walimwosha, wakamsitiri, wakamsomea. Mama wa maandazi alimpa abiria mmoja wa treni habari ya msiba aipeleke Morogoro, naye abiria akampa kondakta wa basi linalopita Mikumi. Ila huyo kondakta, katika kupangwa upya kwa magari, alihamishiwa njia nyingine. Labda aliibeba habari yetu mpaka huko alikohamishiwa, akakosa wa kumwachia. Mimi nimeshaacha kumkasirikia.

"Bakuli lilipokuja tena, nikajua habari imewafikia," mama wa maandazi alisema, analia. "Nikasema, huyu mama ana moyo gani? Amefiwa, na bado ananipikia mimi kunishukuru kwa kumzika mwanawe. Nilikuwa nakula na wanangu, mama, tunamwombea dua marehemu. Sikuwa na kitu cha kutia ndani. Nina mti wa ndimu tu uani."

Nilimngoja bibi apige kelele. Hakupiga. Alimshika yule mama mkono, akamwambia hakukosea kitu, chakula kile kilikuwa cha kuliwa. Kisha akaomba aonyeshwe kaburi.

Lilikuwa limeshaota majani. Bibi alikaa akayang'oa moja moja kwa vidole mpaka pakawa peupe, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake na sikuisikia tena. Mimi nilikaa pembeni na wimbo wangu. Niliumia vibaya sana, na bado naumia, kwa ndimu zote zile nilizozifurahia.

Tuliporudi penye maandazi, bibi alimfungulia yule mama bakuli. "Kula na wanao," alisema. "Kuku huyu nimempika kwa mkono wangu." Walikula. Mama wa maandazi akaliosha bakuli, akalikausha kwa upindo wa kanga yake, akamtuma mwanawe uani. Mtoto akarudi na ndimu.

"Hapana, mwanangu," bibi alisema. "Leo usitie kitu."

Yule mama akaona haya, akataka kubisha. Bibi akachukua mfuniko mwenyewe, akafunika, akafunga kanga.

Tulirudi kwa njia ile ndefu, treni na baadaye basi, bakuli likiwa mapajani mwake. Mikumi mama mdogo alikuwa akitungoja barabarani, mtoto mgongoni, anatabasamu, anauliza dada hajambo. Bibi alimpa bakuli.

Mama mdogo alifungua mfuniko pale pale kando ya basi, akatazama ndani, akakaa chini kwenye vumbi.