Aliyetukaribisha Sablani

Asubuhi ile mjini Ibra naikumbuka kuanzia mwisho wake: mkono wa kaka yangu Khalfan umechomoza kwenye kifusi, saa ingali mkononi, vidole vimenishika, kisha vikaniachia. Huyo ndiye babako, mwanangu. Wewe ulikuwa bado tumboni.

Tulikwenda kutazama sabla kuukuu, jumba la baraza walilojenga mababu waliovuna karafuu Unguja wakavuka bahari kurudi huku Ibra. Kuta za udongo, dari ya magogo ya mitende. Mvua ilishalilegeza, mafundi wakatia nguzo za mbao kulishikilia. Ufunguo alikuwa nao Ami Nasor, msimamizi wa jumba. Wageni wa kutalii walinung'unika kuwa nguzo zinaharibu picha, akaziondoa. Hatukujua. Nilizikuta baadaye nyuma ya ukuta, zimepangwa vizuri kama kuni.

Mlango ulikuwa wazi. Babako hapiti mlango bila kupiga hodi, hata wa banda la mbuzi.

"Hodi!"

Akarudia:

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni," ikaitika sauti ndani, ya mtu mzima, Kiswahili safi cha mjini Unguja.

Tukatazamana. "Ami Nasor huyo?" nikamuuliza.

"Nasor si yule pale nje, anajipitisha mbele ya wageni!" Akacheka. "Labda babu anatungoja na kahawa."

Kwetu sisi, ukishakaribishwa, kugeuza mgongo ni kumtukana mwenye nyumba. Tukaingia. Hapana mtu. Mikeka mitupu, na vumbi linashuka polepole dirishani, kama mtu anachekecha unga juu ya dari. Nikasikia vikombe vya kahawa vinagongana, wallahi, na hapakuwa na hata kikombe kimoja. Kisha dari ikaja.

Tangu msibani Ami Nasor anawaambia watu, "Khalfan kaitwa na majini." Na wewe umekuzwa kwa maneno hayo.

Sauti ile niliisikia, siikatai. Mpaka leo nikipita sehemu zile mwili hunisisimka. Lakini aliyeondoa nguzo ana mikono na jina. Ukiambiwa jambo ni la majini, mwanangu, uliza kwanza hapo alikuwapo binadamu gani, na alifanya nini. Mungu akupe umri aliokosa babako, na moyo usiotishika.

Na wewe Ami Nasor, u hai, unasali safu ya mbele. Njoo mbele ya mtoto huyu umjibu: ulituona tunaingia, mbona ulinyamaza?